Siku ya Msiba Msiwalishe Samaki

Kaeni, wanangu. Wewe kifungua mimba, acha kusimama mlangoni kama mgeni, sogea hapa kitandani, na wewe kitinda mimba zima hiyo redio, maana pumzi iliyonibakia ni ndogo na sina nguvu za kushindana na mtangazaji. Dada yangu, shangazi yenu, yupo hapo kwenye kiti na atabaki hapo hapo, kwa sababu nitakayoyasema yanamhusu kuliko mnavyodhani. Msinikatize, wala mtu asiniambie nipumzike. Kupumzika kunakuja, tena kwa muda mrefu.

Nyumba ni yenu wote wawili, na haiuzwi shangazi yenu akiwa hai. Chumba cha uani ni chake mpaka mwisho wake, na atakayemsumbua kwa neno au kwa jicho, radhi yangu hana. Duka la mbele, na matangi yote ya kuuzia, na pampu zake, na wateja na usumbufu wao, nakuachia wewe binti yangu, kwa kuwa umelowana na maji hayo tangu utotoni na mikono yako inanuka samaki kama yangu. Lakini tangi hili lililo miguuni pangu si la duka. Hili lilikuwa la mama yenu, na nampa kaka yako. Nawe, mwanangu wa kiume, nilikusikia jana ukiuliza huko nje nani atalinunua. Mimi ni mgonjwa, si kiziwi. Ninachotaka kabla sijafumba macho ni kimoja tu: ulipokee.

Najua hulitaki. Tangu mama yako azikwe, kila ukija chumba hiki unakaa umeligeuzia tangi mgongo, na leo umekaa hivyo hivyo.

Msiba ule mnaukumbuka. Nyumba ilijaa watu, na mtu mwenye huzuni mikono yake hutafuta kazi. Kila aliyepita hapa aliwaona samaki wamejazana kwenye kioo, akasema masikini, nao wamefiwa, hakuna aliyewapa chakula, akawatupia kipande cha mkate. Samaki hana haya, humjia kila mtu hata akiwa ameshiba. Kilichowashinda kikazama, kikaoza kwenye changarawe, kikatoa amonia, sumu ambayo jicho haliioni, na kuoza huko kukaimaliza hewa iliyomo majini. Maji yakawa meupe kama yaliyooshewa mchele. Samaki wakapanda juu, wakatoa midomo nje wakitweta, na jirani mmoja akaangua kilio akisema hata samaki wanamwita marehemu. Hawakuwa wakimwita mtu. Walikuwa wanakufa, nami niko makaburini. Kisha fundi bomba wa mtaa, kwa wema wake, akamwaga maji yote na kujaza mapya kutoka bombani, yenye dawa ya kusafishia na ubaridi wake, na waliokuwa wamevumilia sumu wakauawa na usafi.

Vilibaki vifaranga vichache, nyuma ya kichujio. Nikavipa maji mazuri, nikavilisha kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, kama samaki mchanga anavyotakiwa, lakini wapi. Samaki akionja maji mabaya angali mdogo, mwili hugoma, jicho ndilo linaloendelea kukua. Nilikuwa nikivitazama vile vidude vyenye macho makubwa, kisha nakutazama wewe, mwanangu, mezani, husemi, huli, macho tu, na roho ilikuwa inaniuma. Hawa mnaowaona leo ni wajukuu wa vile vilivyodumaa, na tazameni walivyonenepa. Kudumaa kule hakukuwa kwenye damu. Kulikuwa kwenye maji.

Sasa nisikilize vizuri. Siku ile shangazi yako alisimama sebuleni mbele ya ukoo mzima akasema ni yeye aliyewamwagia samaki kopo zima la chakula. Mkampa jina Bi Kopo, na mpaka leo kwenye harusi mnamtania asisogezwe karibu na sufuria, naye anacheka. Hakumwaga kitu. Ulimwaga wewe, mwanangu. Shati lako la shule lilijaa vumbi la chakula kile mpaka kwenye kola, na yeye ndiye aliyelifua kabla watu hawajaliona. Tulikubaliana kunyamaza mpaka uwe mtu mzima, ukawa mtu mzima ukahama, na kila ukija, tukitaka kuanza, wewe ulikuwa tayari unatafuta viatu.

Inua kichwa. Mama yako alikushika mkono pale hospitalini akakuambia, samaki wangu wasilale njaa, nami nilikuwa nimesimama upande wa pili wa kitanda. Mtoto aliagizwa na mama yake anayekufa, akatii kwa nguvu zake zote. Na nusu ya mtaa ilikuwa imeshaingiza mkono kwenye maji yale kabla yako. Dada yangu, usilie, kilio kiweke, utakihitaji wiki hii.

Basi nikifa, msiwalishe samaki. Wewe weka kiti chako hapa mbele ya tangi, kopo likae mfukoni mwako, na atakayekuja na mkate wake mwambie marehemu amekataza. Samaki mzima hafi kwa kufunga siku chache. Watu wakishaondoka, punguza maji, sehemu tu, wala usiguse yote, uongeze yaliyolala ndooni mpaka dawa ikatoka, yasiyo baridi kuliko yaliyomo. Dada yako atakuonyesha kupima uchachu wake. Usimbishie, anajua. Kisha uwape kidogo, na... ngoja. Ngoja kidogo.

Nimewaridhia. Wote. Mungu awape nyumba yenye sauti za watu, na watoto watakaowaambia ukweli mapema kuliko nilivyoweza mimi. Shangazi yenu mwiteni shangazi.

Pampu inalia bado? Mimi siisikii... Kopo liko hapa kando ya mto. Lichukue. Si wewe, binti yangu, mwache kaka yako. Wape sasa, nikiwa naona. Kiasi cha vidole viwili tu. Hivyo... Tazama, wamekwisha kupanda. Dondosha.

Hapana, usiongeze. Inatosha, mwanangu. Inatosha.