Hilda Ataimba, Baba Yuko Kisiwani

Basi la Bunda lilikuwa linakaribia Musoma, na Bibi Debora, macho yamefumbwa nusu, aliwasikiliza wawili wa kiti cha mbele. "Jumapili binti yangu Hilda anaimba misa kwenye televisheni," mama mmoja alimwambia jirani yake wa kiti, fundi wa ving'amuzi. "Baba yake yuko kisiwani. Anavua dagaa, na dagaa wanataka usiku wa giza, harudi mpaka mbalamwezi itoke." "Chomeka flashi, mama, king'amuzi kirekodi." "Flashi ya jirani ilikataaga kusoma kwenye TV nyingine." "Itasoma kwenye king'amuzi hicho hicho chako. Au nunua kisanduku cha intaneti, kinatunza vipindi chenyewe mtandaoni." "Na bando likikata katikati ya wimbo?" Fundi akacheka, amepatikana.

Akilini Debora alishamwona mvuvi amerudi, yuko sebuleni, ananuka ziwa, binti anamwimbia kwenye televisheni.

Basi likasimama Nyasho. Mama akageuka mlangoni: "Lakini fundi, baba yake akiiangalia siku akirudi, itakuwa kama alikuwepo?"