Bi. Verlene Boykin wa Meza ya Mji, 1938–2021

Marehemu Verlene Ozella Boykin, ambaye wengi wenu hapa mliijua sauti yake kabla hamjaijua sura yake, alizaliwa tarehe 11 Machi 1938 katika nyumba ya mbao nyuma ya kiwanda cha kupasua magogo, hapa hapa Tolliver Springs, jimbo la Alabama. Alikuwa mtoto wa nne wa mzee Lucius Crutchfield, mpasua mbao, na Bi. Ozella, mpishi. Mkunga aliyempokea alisimulia hadi uzeeni kwamba mtoto yule alilia mpaka kiwandani wakasikia, na baba yake akazima msumeno akidhani kuna mtu kaumia.

Alisoma katika shule ya watoto weusi iliyokuwa ubavuni mwa kanisa la Mount Nebo, kisha sekondari ya mji wa jirani, alikohitimu Mei 1956. Lakini yeye mwenyewe alisema shule yake kubwa ilikuwa jikoni kwa bibi yake mzaa mama. Bibi hakujua kusoma, na hakukubali kudanganywa. Kila jioni alimkalisha mjukuu na gazeti.

“Hayo nani kasema?” aliuliza kila habari ilipoisha.

“Gazeti, bibi.”

“Gazeti halina mdomo. Nani kasema?”

Verlene alirudi mwanzo wa habari kutafuta jina la msemaji. Likikosekana, bibi alipunga mkono: “Basi hayo pita. Nisomee bei za vitambaa.”

Mwaka 1961 aliajiriwa na redio ya mji wetu kupiga nyimbo za injili Jumapili asubuhi na kusoma matangazo ya vifo. Mwenye redio alikuwa Bw. Carl Stenhouse, mzungu mpole aliyeogopa ugomvi. Ulipofika uchaguzi wa 1966, wa kwanza ambao watu weusi wengi wa wilaya hii waliweza kupiga kura, Bi. Verlene alianza kueleza, kati ya wimbo na wimbo, vituo viko wapi, nani anagombea nini, na kila mgombea alijibu nini alipompigia simu. Asiyejibu, alitangaza kwamba hakujibu. Sherifu wa wakati ule alikuwa mmoja wa wasiojibu.

Basi mambo yakachafuka. Kioo cha gari lake kilivunjwa mbele ya kituo, kikatengenezwa, kikavunjwa tena. Mara ya pili alitundika blanketi dirishani na akaendelea kuja kazini. Muuza magari na muuza samani, waliokuwa ndio walipaji wakubwa wa matangazo ya redio, wakajitoa ndani ya wiki moja. Bw. Stenhouse akamwita ofisini.

“Verlene, utanifungishia redio.”

“Nimesema uongo wapi, Bw. Stenhouse?”

“Hujasema uongo. Ndiyo taabu yenyewe. Ungesema uongo ningekufukuza, yakaisha.”

“Nipe mwezi.”

Alizunguka mji kwa miguu. Akaingia kwa msusi, kwa mwenye nyumba ya mazishi, kwa mama wa mgahawa wa kambare, kwa fundi viatu. Wote hao hawakuwahi kutangaza popote, maana hakuna aliyewahi kuwauliza. Mwezi haujaisha, matangazo yalikuwa mengi kuliko nafasi. Mwaka uliofuata Bw. Stenhouse akampa saa nzima kila Alhamisi jioni, na hivyo ndivyo kilivyozaliwa kipindi cha Meza ya Mji. Kwa miaka thelathini na moja hakuna aliyetaka kura za wilaya hii bila kupita mezani hapo, awe mweupe, awe mweusi, awe wa chama hiki au kile. Kuna waliotoka wakitabasamu na kuna waliotoka wakisahau kofia.

Marehemu alifunga ndoa na fundi mwashi Emmett Boykin tarehe 8 Juni 1963, katika kanisa la Mount Nebo, na Mungu akawajalia watoto watatu. Ilikuwa ndoa ya vicheko vingi. Lakini familia haiwezi kuisimulia bila kuutaja mwaka 1984, mwaka ambao baba yetu Emmett aligombea umeya.

Wakati ule maji ya mtaa wa Kiwandani yalitoka bombani yakiwa na rangi ya chai. Emmett alizunguka makanisani akiahidi kwamba akichaguliwa, mabomba mapya yatalazwa ndani ya mwaka mmoja. Watu walishangilia. Meya aliyekuwapo, Bw. Dale Hutchins, alianza kusema wazi kwamba redio ni ya mke wa mpinzani wake, kwa hiyo uchaguzi umekwisha. Alhamisi ikafika. Emmett akakaa mezani na suti yake ya harusi.

“Bw. Boykin,” alisema Bi. Verlene, “umeahidi mabomba kwa mwaka mmoja. Fedha zitatoka wapi?”

“Verlene, unajua kwamba—”

“Hapa redioni naitwa Bi. Boykin.”

“Haya, Bi. Boykin. Na nyumbani je?”

“Nyumbani tutaonana. Fedha zitatoka wapi?”

Emmett alisema zitapatikana. Akaulizwa zitapatikana kwa nani. Akasema kwa serikali ya jimbo. Akaulizwa kama ameiandikia serikali ya jimbo. Hakuwa ameiandikia.

Alishindwa kwa kura arobaini na moja. Alibeba nguo zake, akahamia kwa kaka yake. Siku ya tano Bi. Verlene alimfuata na sufuria ya kunde na mkate wa mahindi, akamkuta barazani.

“Ungeninyamazia tu, mke wangu,” Emmett alisema. “Mara moja tu. Nisingekudai tena.”

“Ningekunyamazia wewe, halafu nimuulize Hutchins kwa uso gani?”

“Mtaa wote unanicheka.”

“Mtaa wote unakunywa matope, Emmett. Kula, mkate unapoa.”

Alikula. Akarudi nyumbani, japo hakusema neno mpaka Jumapili.

Alhamisi iliyofuata Bw. Hutchins, aliyebaki kuwa meya, alikaa kwenye kiti kile kile, akaulizwa swali lile lile. Alipoanza kuzungukazunguka, simu za wasikilizaji zikamwagika, na wa kwanza kupiga alikuwa mtu wa mtaa wa Kiwandani, mwashi, aliyetaka kujua barua kwa serikali ya jimbo itaandikwa lini. Wote tulimtambua kwa sauti. Meya aliaibika, akaandika. Ilichukua miaka miwili, mabomba yakalazwa, na matofali ya nyumba ya pampu aliyajenga Emmett Boykin kwa mkono wake. Mpaka alipofariki mwaka 2012, kila mgeni alipewa glasi ya maji na kuambiwa kwa majivuno: “Kunywa. Haya ndiyo maji yaliyoniangusha.”

Mwaka 1998 redio iliuzwa kwa kampuni ya mbali, na sauti za watu wasioijua hata njia ya kuja huku zikachukua nafasi yake. Iliuma. Hata hivyo alihamishia meza yake ukumbi wa kanisa, na wagombea wakaendelea kuja. Nyumbani, wajukuu wake Terrence na Kendra walipoacha kusemeshana kwa sababu ya siasa, huyu akiamini habari za televisheni hii na yule za ile, aliwakalisha sikukuu ya Shukrani kabla bata mzinga hajakatwa. Kila mmoja aeleze yale mwenzake anayoamini, mpaka mwenzake akubali kwamba ameelezwa sawasawa. Chakula kilipoa. Hawakukubaliana. Lakini wameketi pamoja leo, mstari wa pili.

Mwaka 2019 alianza kusumbuliwa na figo. Hospitali yetu ilikuwa imeshafungwa, akawa anaendeshwa hadi Montgomery kusafishwa damu, mara tatu kila wiki. Septemba mwaka huu mgombea mmoja wa bunge la jimbo alimfuata kitandani na mpiga picha.

“Picha utapata, mwanangu,” alimwambia. “Kwanza niambie hospitali yetu utaifungua vipi.”

Kijana alizungumza kwa dakika kadhaa, kwa ufasaha.

“Hujajibu,” alisema Bi. Verlene, akageukia ukutani. Picha haikupigwa.

Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Oktoba 2021, akiwa amezungukwa na watoto wake, redio ikiwa imewashwa kwa sauti ya chini.

Ameacha watoto watatu, Lucius, Denita na Marvella. Dada yake Earnestine. Wajukuu saba, kitukuu mmoja, na mji uliozoea kujibiwa.

Viongozi na wagombea mliofika, tunawaona, na tunawashukuru. Marehemu aliagiza kwamba hata mmoja wenu asisimame mimbarini leo. Alisema pia mlishwe vizuri. Kambare wako ukumbini, na wanawatosha wote.

Mungu ampe mama yetu pumziko la amani.