Mke wa Sahani: Maisha ya Dada Yetu Margret Nyevu wa Randu

Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, majirani wa Utange na wageni mliotoka Changamwe na bara, ahsanteni kwa kuja, mlio nyuma naomba mkae, na mlio na watoto wachanga msogee kivulini, maana jua limekuwa kali na mimi nina maneno. Naitwa Karisa wa Randu, karani wa bandarini Kilindini, mdogo wake marehemu, na ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Karatasi hii nimeiandika mwenyewe, ila jana jioni wazee wa kanisa walitaka iongezwe sentensi moja, kwamba dada alitubu kazi yake kabla ya kufa. Nikiisoma atazikwa kanisani kando ya mama yetu, nisipoisoma atazikwa hapa nyuma ya mihogo bila mhubiri, na makaburi yote mawili yamekwisha chimbwa. Sentensi yenyewe iko hapa chini, kwa mkono wa Mzee Mwidani, mzee wa kanisa, ambaye namwona pale langoni amesimama tangu asubuhi akingoja nifike. Nitafika, mzee wangu, lakini nitapita njia yote.

Nyevu alizaliwa Jumapili tarehe 11 Oktoba 1914, hapa hapa Utange, Kisauni, mtoto wa kwanza wa mzee Randu wa Ngowa na mama Kafedha, mwaka ule Wagiriama walipopigana na serikali wakafukuzwa kwenye mashamba yao ya ng'ambo ya Sabaki. Mamangu alikuja huku kwa miguu na mimba kubwa, akapokewa na watu wa misheni kule Frere Town, wakampa nguo na kumchagulia mtoto jina la Margret kabla mtoto mwenyewe hajaonekana. Mimi nilifuata miaka sita baadaye, na yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka nikawa mzito.

Mwaka 1923 ndui iliingia hapa, ikamwacha hai lakini ikamharibu uso. Nasema ikamharibu kwa sababu ndivyo kila mtu alivyosema mbele yake, hata waliompenda, mpaka naye akalizoea neno hilo kama jina la pili, na mimi lilinichoma kila nilipolisikia na linanichoma hata sasa.

Aliingia shule ya wasichana ya misheni Januari 1925, akamaliza darasa la nne Desemba 1928, akiwa wa kwanza kwa kusoma na wa mwisho kuitwa mbele. Kila Krismasi wasichana wa nyuso laini walivishwa mashuka meupe wakawa malaika, yeye akapewa kuwa Herode, kwa kuwa Herode ana ndevu na ndevu zinafunika. Alijifunga katani kidevuni akaicheza sehemu hiyo kwa ukali hata watoto wa mstari wa mbele wakalia, na alipofika nyumbani alicheka, akaniambia hakuna malaika aliyemliza mtu siku hiyo. Hapo ndipo mchezo ulipomwingia damuni.

Wachumba walikuja, msidhani hawakuja, mara tatu walileta tembo la mnazi kwa baba kama ilivyo desturi, na mara tatu, binti alipoletwa aonekane, walikunywa tembo lao wenyewe wakaaga. Wa tatu aliuliza kama kuna mdogo wake. Baba alimjibu kwamba mdogo wake ni Karisa, na kama anamtaka amchukue, tukacheka wote isipokuwa yule aliyepaswa kuolewa.

Sasa kazi. Naona mnajisogeza kwenye viti, tulieni, naisema mwenyewe. Alianza kwa kupika katika nyumba ya mwalimu mmoja wa misheni tangu 1932, na Machi 1941, vita ilipojaza watu na mizigo, alihamia Changamwe akafungua kibanda cha chakula karibu na landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Landi zile zilijaa wanaume waliowaacha wake zao bara, kila mtu na kitanda chake na sufuria yake, na kila mtu na aibu yake, kwa sababu kwao ni kama kwetu, anayekula peke yake hutazamwa kwa jicho baya, husemwa ana lake. Siku moja mtu wa kusafisha injini, mzee mwenye wajukuu, alimwambia, "Mama, usiondoke. Kaa hapo mbele yangu, useme chochote, nitakulipa na hilo." Dada akakaa, akamhadithia jinsi kuku wake alivyoatamia limau, na yule mzee akala sahani yote akalipa chakula, akalipa na kukaa.

Hiyo ndiyo kazi, jamani, hakuna nyingine iliyojificha nyuma yake. Wengine walifuata, wakampa jina la Mke wa Sahani, na jina likavuka maji likafika huku likiwa limechafuka njiani. Mnaotaka kujua zaidi, zaidi ni hili, kwamba baadhi ya wanaume wale walimwomba ajifunike leso usoni wakati wanakula, wamwite kwa jina la mke aliyebaki nyumbani, naye aitikie abee. Walitaka sauti na kivuli cha mwanamke, uso hawakuutaka. Alijifunika, aliitikia, akapokea hela, akarudi kwenye chumba chake akala ukoko wa sufuria kwa kusimama, na hilo aliniambia yeye mwenyewe bila kulia, mimi ndiye niliyelia.

Kutokana na kazi hiyo alitunga mchezo wa watu wawili, meza moja na sahani moja, akauita kwa jina lile lile alilotukanwa. Mwenzake jukwaani alikuwa Kefa Odhiambo, mtu wa Nyanza, mpakiaji wa mizigo ya reli, aliyekaa hapo mbele na kofia mapajani. Kanisa letu lilikuwa linachangia mabati ya shule, wazee wakakubali mchezo uonyeshwe darasani kwa kiingilio mchana wa tarehe 26 Desemba 1946, na watu walijaa mpaka madirishani. Kefa akala, dada akakaa mbele yake amejifunika, akaitikia jina lisilo lake, na katikati ya mchezo akaivua leso, akatugeuzia uso ule, akasema, "Mimi ni mwanamke wa kulipwa. Nalipwa nikae, nijifunike, niitikie jina la mwenzangu. Na mimi nikifika kwangu, nakula na nani?"

Hapo ndipo tulipokosea, na kosa hilo lisingetokea mahali pengine popote. Kwetu sisi hakuna mtu aliyewahi kusimama mbele ya watu akasema "mimi" isipokuwa anashuhudia dhambi zake, ndivyo tulivyozoea kila Jumapili. Mzee Mwidani akainuka, machozi yakimtoka kwa kweli, akapaza sauti, "Haleluya, dada amekiri, tumwombee!" na darasa zima likafumba macho. Kefa alibaki na tonge mkononi, hajui alirudishe sahani au alimeze, mwishowe akalimeza. Mchezo ukaishia katika sala, sala ikaishia katika kikao cha wazee, na wiki iliyofuata dada akazuiwa Meza ya Bwana mpaka amalize kutubu alichokianza. Aliwajibu kwamba ikiwa mchezo hutubiwa, basi yeye ana deni kubwa zaidi la watoto wa Bethlehemu aliowaua akiwa Herode. Hawakucheka. Nadhani angenyamaza ingekuwa heri, lakini hakuumbwa wa kunyamaza.

Ndoa. Huyu Kefa alikuwa mmoja wa waliokula kibandani, na tangu siku ya kwanza alimwambia kwa Kiswahili chake, "Toa hiyo leso, mama, mimi nataka kuongea na wewe, si na nguo." Alileta tembo kwa baba Novemba 1947, akamtazama binti mchana kweupe, akanywa, akabaki. Kanisa lilikataa kuwafungisha kwa sababu mnayoijua, wakafunga ndoa bomani mbele ya karani wa serikali, Jumamosi tarehe 6 Machi 1948, dada akiwa na miaka thelathini na mitatu, uso wazi, na mimi nikiwa shahidi niliyeweka sahihi kwa furaha.

Mungu hakuwajalia mtoto wa tumbo, lakini marehemu anaacha mtoto. Mke wangu alipofariki akijifungua mwaka 1943, dada alimchukua binti yangu Florence angali mwekundu, akamlea kwa maziwa ya mbuzi na hadithi za uongo, na Florence hajui mama mwingine. Florence, simama watu wakuone. Kaa sasa, mwanangu.

Lipo moja ambalo halimo katika karatasi, nalisema hivi hivi. Agosti mwaka jana Mzee Mwidani alifiwa na mkewe. Tulikaa naye matanga, tukaondoka kama watu waondokavyo, naye akaanza kuitoa sahani yake nje, akala pale kando ya njia ya kisimani, ili amkaribishe kila apitaye. Tulipita wengi. Tulisema ahsante, baba, tumekula, ndiyo adabu, tukaenda zetu na madebe yetu. Nyevu alikuwa amerudi kuishi hapa na mumewe, akapita, akakaribishwa, akatua debe, akanawa mikono, akakaa. Siku ya pili akakaa tena. Wapita njia mliwaona, haikuwa siri, mwanamke aliyezuiwa Mezani na mzee aliyemzuia, wanachovya sahani moja, na hela haikupita kati yao wala leso haikufunika uso. Mpaka maradhi yalipomlaza.

Maradhi yalianza Januari mwaka huu wa 1949, kikohozi kwanza, kisha damu. Tulimvusha daraja la Nyali tukamlaza hospitali ya mjini tangu Machi mpaka mwishoni mwa Mei, madaktari wakafanya lililo mkononi mwao, wakaturudishia tuwe naye. Mimi ni mtu nisiyetulia, nilimuuliza wazi kama ana la kutubu juu ya kazi ile, nikitaka apate kulala kando ya mama. Aliniambia, "Karisa, nimetubu hasira zangu na ulimi wangu, nimetubu na vile nilivyowaonea wivu wasichana wa mashuka meupe. Lakini kukaa na mtu akila, hilo nikilitubu nitakuwa nimewasengenya wote niliokaa nao." Alifariki Ijumaa tarehe 17 Juni 1949, alasiri, hapa nyumbani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Kefa.

Nimefika, mzee wangu. Hii hapa sentensi yako, na mimi siwezi kuisoma, kwa sababu si kweli, na dada yangu hakuishi kwa uongo hata alipoishi kwa kujifunika. Lakini katika watu wote waliopo hapa, wewe umekaa naye kuliko sisi, wewe ndiye unayejua kama palikuwa na dhambi katika kukaa kule. Kama ilikuwapo, njoo mbele, chukua karatasi, uitaje dhambi hiyo kwa mdomo wako, na sisi tutampeleka nyuma ya mihogo bila kinyongo; kama haikuwapo, iache karatasi, naye alale kando ya mama bila sentensi hiyo.

Mpisheni mzee apite. Mpisheni, jamani, na anayelia mwacheni alie.

Karatasi hakuichukua. Amevua viatu, amekaa kwenye mkeka na sisi wafiwa, kando ya Kefa. Basi mmeona wenyewe, sina la kuongeza, na wachukuzi wajue kwamba njia ni ile ya kanisani.

Kwa niaba ya ukoo wa Ngowa na wa Odhiambo, nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, nawashukuru wafanyakazi wa reli waliokuja leo kutoka Changamwe na sare zao, wengine naona mmezeeka na wengine mmeleta wake zenu, nawashukuru majirani waliochota maji na kupika, na makarani wenzangu wa bandarini walionisimamia kazini miezi yote hii. Mzee Mwidani, ahsante, baba.

Nenda ukapumzike, dada Nyevu. Uliketi na kila aliyeachwa peke yake, na leo sote tumeketi nawe.