Mjane wa Baudouin

Teksi ilipotoka Marabo, wasichana wawili wasiojuana walianza kubishana juu ya Baudouin wa mchezo wa redio. Tangu afe redioni, wasikilizaji wanatunga hadithi zao juu yake na kutumiana kwa WhatsApp.

"Soma ya kwangu," alisema Elodie. "Hakufa. Alijificha tu ku mutaa ya Saio."

"Ku Saio! Na siye tulishamulilia!" Claire alicheka. "Miye napendaka zile zenye alikufa kweli. Kuko moja, mujane yake anarudi soko, anapika sombe ya majani ya mihogo, anacheka na majirani."

"Iyo inachosha! Mama, weye unapenda gani?"

Alphonsine, aliyeketi kando yao na aliyemzika mume wake miezi minne iliyopita, alishtuka. Angetoa chochote ili mume wake naye awe amejificha tu Saio.

"Ile ya sombe," akasema. "Anachekea nini?"

"Siwezi kukuambia, mama. Utasoma mwenyewe. Nipe numero ya simu," akasema Claire.

"Na yangu nitatuma," Elodie akadakia. "Utaona yenye iko muzuri."

Teksi ikasimama sokoni. Alphonsine akaitaja numero yake polepole. Tangu msiba, watu walikuwa wakiiomba kwa ajili ya kumpa pole tu.