Aliyefundisha Ukutani: Kumuaga Mzee Bonyeza

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Mbinu za Utafiti, Mzee Bonyeza wa idara yetu anastaafu Ijumaa hii. Mwenyewe aliomba aongezewe miaka miwili. Uongozi wa chuo ulimkatalia kwa heshima zote, kisha ukaagiza keki.

Jina la Bonyeza tulimpa sisi tunaotumia naye ofisi moja. Kila aliyempelekea shida, iwe kompyuta iliyoganda au mume asiyesikia, alishauriwa abonyeze kitu. Alikuwa wa kwanza kati yetu kumiliki kipaza sauti cha kubana kwenye shati, na wa kwanza kwenda nacho msalani kikiwa kimewashwa. Ukumbi mzima ulipata habari.

Likizo moja ndefu alijifungia chumbani kwake akarekodi kozi yote kwa video. Tangu hapo akawa anafika ukumbini, anabonyeza projekta imwoneshe ukutani, kisha anarudi ofisini kunywa chai nasi huku akiendelea kufundisha upande wa pili wa ua. Hatukumshtaki popote. Chai yenyewe alikuwa ananunua yeye.

Rekodi hizo zina mambo yake. Kwenye mhadhara wa sampuli, mkewe anasikika kutoka jikoni akiuliza ni nani aliyemaliza nyama ya jana, naye Mzee anapandisha sauti na kuendelea na mada. Kwenye mhadhara wa hojaji anapiga chafya tatu, na wanafunzi, waliokwisha kuzoea, huitikia “Afya!” kwa pamoja kila inapotoka. Kamati ya tuzo ya ufundishaji bora kwa teknolojia ilikuja kukagua siku ya chafya. Wakaguzi walisimama mlangoni, wakasikia ukumbi mzima ukimwitikia mhadhiri kwa sauti moja, wakaripoti kwamba ushiriki wa wanafunzi wa namna ile hawajapata kuuona popote.

Mzee akakabidhiwa ngao ya kioo. Kwenye hotuba ya shukrani, kichwa kikiwa kimeshavimba, alisema mwalimu bora ni yule ambaye darasa lake haliyumbi hata asipokuwepo. Tulipiga makofi. Makamu Mkuu wa Chuo alionekana kuyapenda sana maneno hayo.

Mwaka uliofuata alisahau miwani ukumbini, akarudi kuichukua kipindi kikiwa katikati. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliokaa karibu na mlango walimzuia kwa adabu, wakamwambia baba samahani, mwalimu wetu hapendi wachelewaji. Ukutani Mzee ana nywele nyeusi tele. Mlangoni alikuwa na upara. Alirudi ofisini bila miwani, na tulicheka hadi Ijumaa.

Muhula huu projekta ya ukumbi iliungua, na nyingine tukaambiwa haipatikani. Ikabidi Mzee aingie mwenyewe na chaki. Siku ya kwanza alirudi akatafuta kiti kabla ya chai. Baada ya majuma mawili alikuwa anarudi na shati limelowa jasho na vumbi la chaki hadi kwenye nyusi, akitusimulia bila kupumua jinsi mwanafunzi fulani alivyombishia, na kumbe mwanafunzi ndiye aliyekuwa sahihi. Chai yake ilipoa mezani. Nimefanya naye kazi miaka mingi na sikuwahi kumwona na furaha ile. Nasema bila utani, ilinigusa. Ndipo alipoomba ile miaka miwili.

Uongozi ulimjibu kwamba kozi ipo na imekamilika, kwamba rekodi haziugui wala haziombi likizo, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesema darasa haliyumbi mwalimu asipokuwepo. Projekta isiyopatikana ikapatikana wiki hiyohiyo. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ni kweli, ila wahenga hawakutuambia kwamba wenzake watakuwa wamesimama juu wakimpigia makofi. Na ninyi mnaocheka hapo mjue waraka umeshatoka: sote tunatakiwa tuwe tumerekodi kozi zetu kabla ya mwaka mpya wa masomo.

Kipindi chake cha mwisho kilikuwa Jumanne. Binti mmoja wa safu ya nyuma aliuliza mtafiti afanye nini akigundua kwamba watu wanamjibu kile wanachodhani anataka kukisikia. Mzee alikiri kwamba hana jibu la kumtosha, akaahidi kumletea wiki ijayo. Sijui kama alisahau kwamba wiki ijayo hana kipindi. Projekta itawashwa, binti atanyoosha mkono, na ukuta utaendelea na mada.

Mzee Bonyeza, tunakushukuru kwa kazi, kwa vicheko, na zaidi kwa muhula huu mmoja. Upumzike vyema, ila usipumzike sana. Yule binti alipita ofisini jana kukuulizia, nasi tumemwelekeza nyumbani kwako. Anakuja Jumamosi, na anakuja na wenzake. Mwambie shemeji aazime viti.