Chumba cha Nyuma ya Ofisi ya Kata

Akina mama, na nyinyi baba zetu mliojikaza mkaja, nawasalimu wote, wa msikitini na wa kanisani. Mwenyekiti ameniwekea kiti hapa mbele, nimekiona, ahsante. Lakini mambo haya siwezi kuyasema nimekaa. Nikikaa miguu inacheza. Nivumilieni nikienda huku na huku.

Mnaonijua leo mnajua nauza vitunguu na maharage. Wanaonijua wa zamani wako humu pia, nawaona, mnaniondolea macho. Msiniondolee. Nimekuja kwa hiari yangu.

Nilikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo hapa mjini. Nilisimamia mashine ya kufuma, na nilikuwa hodari, nisione aibu kusema. Halafu mitumba ikajaa sokoni, vitambaa vyetu vikakosa wa kuvinunua. Wakaja watu wenye mikoba, wakapima majengo, tukaambiwa kiwanda kinatafutiwa mwekezaji, twende nyumbani tutaitwa. Ndugu zangu, mimi nilisubiri kweli! Asubuhi navaa, nakwenda hadi getini, naangalia kufuli, narudi.

Mume wangu hakuwa mtu wa kusubiri. Alikwenda Mererani kuchimba madini. Mwanzoni alirudi na nyama, na sukari, na hadithi nyingi. Baadaye akarudi mikono mitupu. Baadaye hakurudi kabisa. Wengine walisema kapata mwanamke huko, wengine walisema kavuka mpaka kaenda Kenya. Mpaka leo sijui, na msiniulize.

Yeye akiwa bado anakwenda na kurudi, mimi nilikuwa nafua nguo kwenye nyumba za wenye pesa huko Njiro. Jioni nikirudi, jirani yangu anauza gongo kwa siri chumbani kwake. Nikawa namsaidia kuosha chupa, naye ananimiminia kidogo. Nawaambia ukweli, mdomoni kitu kile ni moto mtupu. Utamu wake uko kichwani. Kichwa changu kilikuwa kinakwenda kama ile mashine, hakizimi, na gongo ikakizima. Nani hataki kichwa chake kinyamaze?

Ikafika mahali siwezi kuianza siku bila hiyo. Mikono inatetemeka, kifungo cha blauzi hakiingii. Nikinywa kidogo inatulia. Wale wa Njiro wakanisikia harufu, wakaniambia nisirudi.

Na mimba? Najua mnasubiri nifike hapo. Mimba ilikuwa ya mume wangu, ya ile safari yake ya mwisho nyumbani. Nilipojua, nilifurahi, nikaogopa, vyote kwa pamoja. Nikaoga, nikatafuna karafuu, nikaenda kliniki. Muuguzi mmoja akanisogelea, akarudi nyuma. Akasema kwa sauti, benchi zima linasikia: "Wewe mama, umelewa asubuhi yote hii? Unamnywesha mtoto pombe? Nenda kalale, ikikutoka ndipo uje!"

Wanawake walicheka. Mmoja hakucheka, ila alivuta khanga yake isiniguse. Huyo ndiye aliyeniuma zaidi. Kliniki sikurudi tena.

Tangu hapo sikukaa mahali pamoja. Nahama chumba hiki naingia kile. Siku ya soko naenda Ngaramtoni, nasema leo nauza vitunguu, naishia kwenye kilabu cha mbege. Narudi mjini, siku mbili nimeshachoka, naondoka tena. Kila anayenitazama naona analitazama tumbo.

Balozi wa nyumba kumi ndiye aliyeniletea mama mmoja, afisa maendeleo wa kata yetu. Kuwaona mlangoni nikadhani ni msako. Nikaimwaga chupa chini ya kitanda, chumba kizima kikanuka. Yule mama akaingia, akapindua ndoo yangu, akaikalia.

"Mama, umekula leo?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali jingine. Nikasema sijala.

"Tumbo lina miezi mingapi?"

"Sijui."

"Sikiliza basi. Kata imetupatia chumba nyuma ya ofisi. Jumatano anakuja nesi wa manispaa, ni kwa ajili ya wajawazito wanaokunywa na wanaovuta. Polisi hawaji. Nilimbana mtendaji mbele ya kamati mpaka akaahidi."

Nikasema nitakuja. Sikwenda. Nilijiambia mimi si wa kupelekwa kwenye chumba cha walevi, nitaacha mwenyewe. Nikajifungia ndani. Jasho! Nikatembea ukuta hadi ukuta, nalala, naamka, natembea. Nikaona sisimizi wananipanda mikononi, nawapukuta, na sisimizi hawapo. Asubuhi yake jirani akasikia kishindo. Nilikuwa chini, natupa mikono na miguu kama mwenye kifafa.

Na jirani huyo ni yule yule muuza gongo. Angeweza kufunga mlango wake akaogopa serikali. Alikimbia hadi ofisi ya kata akiwa peku. Yule mama akaja na pikapu ya manispaa, ile ya kupulizia dawa ya mbu, wakanipakia nyuma mpaka hospitali.

Nilipozinduka, yule nesi wa Jumatano alikuwa kando ya kitanda changu. Alikuwa amekasirika.

"Nani alikuambia uache ghafla hivyo? Mwili umezoea, mama. Ukiunyang'anya kwa mara moja unaweza kufa, wewe na huyo. Hii inaachwa kwa dawa, na kuna mtu anakuangalia."

Akaniwekea tumboni kile kibomba cha kusikilizia mtoto, akainamisha sikio. Akakaa hivyo. Akakihamisha, akakaa tena. Mimi namtazama uso tu, sipumui.

"Yupo," akasema. "Anapiga mbio."

Nililia kama mtoto mdogo.

Sasa msidhani nilitoka hospitali nimekuwa malaika. Nikaanza kwenda Jumatano. Kile chumba cha kata kilikuwa hakina vioo madirishani, kina jiko la mkaa na mabenchi mabovu. Tulikuwa wachache. Mmoja alikuwa binti wa watu wa duka, anajifunika mpaka macho asijulikane. Nesi anatupima, tunakunywa uji, tunasemezana. Jumatano nyingine nilifika mlangoni nikageuka, na yule mama akanifuata hadi barabarani na kikombe cha uji mkononi, watu wanatazama. Mara moja niliteleza, nikanywa. Nikaenda hivyo hivyo, nikamwambia nesi. Akanipima kama kawaida.

Halafu tukasikia chumba kinapangishwa. Ndiyo, wakati huo kila kona ya mji inageuzwa duka, na mfanyabiashara mmoja alikitaka kwa vipuri vya magari. Kamati ya kata ikaitisha kikao. Sisi tukasimama nje, dirishani. Yule mama afisa akajieleza mpaka sauti ikamkauka, mjumbe mmoja akamkata: "Kata haina mapato. Tuache chumba kikae bure kwa ajili ya watu waliojitakia wenyewe?"

Ndugu zangu, sijui miguu yangu ilinipelekaje. Nilijikuta ndani, na tumbo langu lile mbele.

"Shikamooni," nikasema. "Mimi ndiye niliyejitakia. Kliniki nilifukuzwa, nikaacha kwenda. Nilijaribu kuacha peke yangu, nikaanguka. Katika mji huu wote, waliotoka kwenye chumba kile ndio walioniuliza kama nimekula. Mkikifunga, sisi hatutaacha kunywa. Tutaacha kuonekana tu."

Nikawa natafuta mlango nitoke. Mzee mmoja mjumbe, mfugaji, mtu asiyesema kikaoni, akainuka akishika meza.

"Binti yangu alikufa na mimba," akasema. "Alikuwa anakunywa. Sisi nyumbani tulisema ni malaria." Akawageukia wenzake. "Chumba kibaki."

Akakaa. Yule aliyesema mapato aliangalia viatu vyake. Diwani akauliza nani anapinga, mkono haukuinuka. Wakaamua chumba kibaki, na pikapu itoke kila mjamzito wetu akizidiwa. Chokaa wakatuambia tupake wenyewe. Tukapaka.

Mtoto alikuja kabla ya siku zake, mdogo, analia kama paka. Mama mkwe wangu akashuka kutoka huko juu ya Ngaramtoni na kibuyu cha maziwa. Alishasikia habari zangu zote. Nikamwambia shikamoo mama, akaitikia kwa taabu. Akamchukua mtoto, akamnusa kichwani, akamnusa mdomoni.

"Hanuki pombe," akasema. Akabaki nasi mpaka mtoto akanenepa.

Sitawadanganya kwamba yote yalinyooka. Mwanangu alichelewa kutembea, alichelewa kusema. Mwalimu ananiambia hatulii darasani. Nilimuuliza daktari kama ni ile gongo, akasema huenda, hana hakika. Hiyo "huenda" ninalala nayo na ninaamka nayo. Na mimi kiu haijaniacha. Kuna njia za mji huu sipiti mpaka leo, nazunguka.

Lakini sijanywa tena tangu kuteleza kule, na mwanangu ananiita mama. Namshukuru Mungu. Nawashukuru yule afisa na nesi, na jirani aliyekimbia peku, ambaye sasa anauza chapati. Namshukuru mzee yule, maana alitoa siri ya nyumba yake kwa ajili ya watu asiowajua. Naishukuru kata. Serikali tunailaumu sana, na mimi nalaumu, lakini siku ile ilinisikiliza. Viongozi mlioko hapa, vyumba vya namna hii msisubiri tuje kuwalilia ndipo mvilinde.

Na wewe mama, maana najua umo humu, unasikiliza huku unataka kuondoka. Sikutaji, sikutazami. Mimi nilipoteza muda nikingoja niwe safi kwanza ndipo niombe msaada, na kungoja huko nusura kutuue wawili. Usingoje. Jumatano njoo. Njoo hata kama umekunywa.