Msinunue Pikapu Bila Mjomba Wenu

Sogeeni hapa kitandani, wanangu wawili, na wewe mwalimu laza hiyo simu kifudifudi, maana nikiiona inamulika nasahau ninachosema, na leo sina akiba ya kusahau. Fungueni dirisha. Hapana, lote. Mmenifungia humu kama mbegu ya viazi, nami sitaki kuchipua, nataka kusikia barabara. Mlio huo ni wa nini? Trekta la jirani. Haya. Kaeni basi, mnisikilize, msinikatize wala msiniambie nipumzike, kwani huko ninakokwenda nitapumzika mpaka nichoke.

Nimewasikia mkinong'ona ukumbini tangu asubuhi. Mnadhani mgonjwa akilala na masikio yake yanalala? Nimesikia kwamba daktari wa mifugo anahama, anauza pikapu yake ya dizeli aliyoitumia miaka miwili tu, na dalali amewaapia kuwa ni kama mpya, na ninyi mmeshampigia simu kumwambia mtafika kesho saa nne. Saa nne! Nani aliyewafundisha kwenda kutazama gari la dizeli saa nne, jua limeshapanda na mwenye gari ameshajua mnakuja? Babu yenu, aliyeendesha lori la magogo mpaka macho yakamwishia, alitufundisha mimi na mjomba wenu tungali wadogo kwamba gari huulizwa alfajiri, kabla halijanywa chai. Lenye afya litaamka. Linaloumwa litakohoa, litagoma, litatoa moshi, nawe utaujua ukweli kabla mwenyewe hajapata nafasi ya kutandaza maneno.

Kwa hiyo mtakwenda kabla hakujapambazuka, mmgongee mlango huyo daktari maskini na kumwomba radhi. Wewe kitinda mimba wangu, uliyebaki na shamba, ndiwe utakayelala na kuamka na hilo gari. Weka kiganja chako juu ya boneti. Ikiwa ya moto, geuzeni. Ila msiishie hapo. Ifungueni, mguse injini yenyewe, mguse na bomba la moshi, kwa sababu boneti inadanganyika. Lala chini utazame chasisi, uone kama mbolea ya mazizini anakozunguka daktari haijaanza kula chuma. Tazama pedali ya klachi: mita ikisema gari halijatembea sana, na mpira wa pedali umelika ukawa laini kama kipande cha sabuni, basi kimojawapo kinadanganya. Liwasheni, mfungue kifuniko cha oili injini ikiunguruma, na ikiwapumulia moshi usoni, ageni kwa adabu mwende zenu. Na wewe mwalimu usisifie rangi. Anayesifia rangi ameshauziwa.

Niinulieni mto. Siyo huko, upande huu. Leo kila upande una miiba.

Shamba na nyumba havinisumbui. Shamba la bondeni ni la kitinda mimba, kwa kuwa mikono yake ndiyo iliyolifanya lizae. Nyumba hii na shamba la mlimani ni vya mwalimu. Na atakayesogeza mpaka kwa siri, mpaka huo umfuate usingizini. Hayo yameandikwa, karatasi iko kabatini chini ya mashuka. Lakini hili la boneti sikuliandika popote. Limenilalia kifuani miaka kumi na tisa, na kila nikitaka kulisema najikuta nimeuliza kama ng'ombe wamenyweshwa.

Mnamjua mjomba wenu, mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja. Mnamwita Maji. Jina hilo mlilikuta mdomoni mwangu mkiwa wadogo, na kisa chake kila mtu anakijua: alinunua pikapu yangu ya zamani, akaiua ndani ya mwezi mmoja kwa kuitilia dizeli yenye maji, eti kwa ubahili. Mmekicheka kisa hicho mezani mimi nikiwapakulia. Hata juzi, mwalimu, ulisema mjomba hakabidhiwi hata toroli. Nami nilicheka, wanangu. Hapa hapa kitandani, na pumzi hizi zilizobaki, nikacheka.

Basi kisa hicho ni cha uongo, na mwongo ni mimi.

Pikapu ile ilikuwa imechoka. Baba yenu alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma, ninyi mnasoma, mimi sina pa kushika. Fundi aliniambia wazi, "Mama, injini hii ikiwa ya moto inakwenda, ikipoa haiwaki mpaka isukumwe. Usimuuzie mtu bila kumwambia." Wakaja wanunuzi wawili, kila mmoja na fundi wake, wakatazama, wakaondoka. Nikaona kwamba mgeni huja na fundi, lakini ndugu huja na imani tu. Nikampelekea habari mdogo wangu, ambaye ndiyo kwanza amepata kazi ya kupeleka nyanya shule ya bweni kila Jumatatu asubuhi, na gari alilihitaji kuliko chakula. Nilijua atakuja alfajiri, maana tulifundishwa na baba mmoja, kwa hiyo nikamtangulia. Nikaliachia gari kwenye mteremko nyuma ya ghala mpaka likawaka, nikaliacha liungurume hadi likapata moto, nikalizima. Kisha nikatandika magunia mabichi juu ya boneti, nikayamwagia maji ya kisima ndoo kwa ndoo mpaka bati likapoa, nikalikausha kwa kanga yangu. Nilipokwenda kuyaficha, magunia yalikuwa bado yanatoa mvuke.

Akaja. Akaweka kiganja, akatabasamu, akasema, "Dada, limelala fofofo." Akaliwasha, likaitika mara moja. Hakuifungua boneti. Angeifungua angejua, lakini kufungua kungekuwa kunitilia shaka, na yeye hajapata kunitilia shaka tangu siku nilizokuwa nikimbeba mgongoni.

Jumatatu ya kwanza majirani walimsaidia kusukuma. Ya pili alifika shuleni saa tano, wapishi wameshanunua kwingine. Ya tatu akaambiwa asijisumbue tena. Nyanya za msimu mzima zikamwozea kwenye makreti, na shamba alilolikodi likarudi kwa mwenyewe. Leo analinda geti la kiwanda cha mbao, mtu aliyekuwa akiujua udongo kwa kuunusa tu. Na watu walipoanza kuuliza imekuwaje, nikawahi mimi kujibu. Nikasema ni dizeli yake. Nilisema mara moja tu. Ninyi na majirani mkanisaidia kuyasema mengine.

Usilie, mama, kitinda mimba wangu, machozi yako yananipotezea njia. Shika mkono wangu basi, lakini nyamaza.

Mnataka kuuliza kama alijua. Alijua. Siku tuliyomzika babu yenu, watu wamejaa uani, alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, yale magunia yalishakauka?" Basi. Aliyaona wapi, sikuthubutu kumuuliza. Yeye hakuongeza neno, hakunisema kwa mtu, akakubali kuitwa Maji, na mpaka leo mkimwita hivyo anaitika. Laiti angenitukana! Tusi ningelijibu. Badala yake, miaka yote hii, kila gari linalogoma kuwaka asubuhi huko barabarani linaniamsha, nageuka huku, nageuka huku, najiambia hilo si langu.

Wiki iliyopita nilituma mtu kumwita. Akajibu yuko zamu. Jana nikatuma tena, akajibu hivyo hivyo. Ana haki yake. Simlaumu, ila namngoja, na kungoja kumenishinda. Saa ngapi sasa? Bado mapema. Vizuri.

Basi huu ndio wosia wangu, mwingine wote ni mapambo. Kesho mtapita kwanza getini kwake, anapotoka zamu ya usiku kungali giza. Mtampa shikamoo kama wapwa wanavyompa mjomba, na mtamwita mjomba, si lile jina jingine. Mtamwambia mbele ya walinzi wenzake: "Mama amesema gari lilikuwa bovu, alijua, na alikuficha." Maneno hayo hayo. Mwalimu, usiyapambe, usiseme mama alighafilika, mama hakughafilika. Kisha mwombeni awapeleke kwa daktari. Akikataa, kaeni getini. Akiwasema, semweni. Siku ikipita, rudini kesho kutwa. Na kiganja chake ndicho kitakachoamua. Akisema gari halifai, halifai, hata dalali agaegae.

Likifaa, lilipieni kwa mavuno yangu, na kadi iandikwe jina lake.

Nimekuona, mwalimu. Umemtazama dada yako. Ndiyo, nimesema jina lake. Ninyi mtakuwa mkimwomba siku za kupeleka mazao, na akiwanyima, mtabeba kichwani. Sijawanyang'anya kitu. Alipokuja kunilipa alikuwa ametoka kuuza ng'ombe wake wawili wa maziwa, na hao ng'ombe ndio ada yenu. Wewe ndio ualimu wako huo. Ulikuwa hujui, sasa unajua, na anayejua hana pa kujificha.

Ngojeni. Pumzi imekwenda mbali... ngojeni irudi.

Kwenu ninyi sina kinyongo. Mlinilea mimi kuliko nilivyowalea. Mungu awape usingizi nilioukosa. Awape udongo usiowachoka, awape ndugu wa kuwaamini, na ninyi msije mkawafanya wajute kuwaamini. Pendaneni hata mkigombana. Mkigombana, gombaneni mchana, mle pamoja jioni. Mikono yenu... niiguse yote miwili. Hivyo. Mbarikiwe. Mbarikiwe na watoto wenu.

Bado moja, msiinuke. Simu ikilia mkiwa njiani, mkaambiwa nimekwenda, msigeuze. Mnanisikia? Msikimbilie nyumbani kunililia. Malizeni kwanza. Mimi nitakuwepo tu, maiti hana haraka. Mpeni mjomba wenu funguo, ninyi mkae nyuma, huko kwenye bodi, na makoti yenu mazuri. Hata akisema amechoka na zamu, msimpokee usukani. Apite barabara ya sokoni, polepole... Watu watakuwa wamejaa hapa uani, wale wale... wote waliocheka. Waacheni wasimame. Nataka wamwone... anaingia, anazima injini... anashuka... upande wa dereva.